UCHAMBUZI: Hija ya amani Juba na deni ambalo viongozi wa Sudan Kusini hawajalipa

MNAMO Februari 3, 2023, ndege iliyombeba Papa Francis kutoka Kinshasa ilitua Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Kiongozi huyo wa Kanisa Katoliki duniani, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 86 na alitegemea kiti cha magurudumu kutokana na maradhi ya goti, hakuwa peke yake katika safari hiyo.

Alijumuika na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliyekuwa kinara wa Waanglikana, pamoja na Moderata wa Kanisa la Scotland, Kasisi Iain Greenshields. Kabla ya siku hiyo, viongozi wa makanisa hayo matatu hawakuwa wamewahi kufunga safari ya pamoja ya aina hiyo katika nchi ya kigeni. Wenyewe hawakuitaja kuwa ziara rasmi. Waliiita hija ya amani.

Siku moja tu kabla ya kuwasili kwao, watu zaidi ya 20 waliuawa katika eneo la Kajo-Keji, jimbo la Equatoria ya Kati, katika mashambulizi ya kulipizana kisasi yaliyohusishwa na wafugaji wa ng'ombe. Hivyo basi, wakati barabara za Juba zikipambwa kwa bendera za kuwalaki wageni, kulikuwa na familia zilizokuwa zikichimba makaburi katika jimbo lilo hilo.

Sasa ni miaka kadhaa tangu wageni hao waage. Papa Francis aliaga dunia Aprili 21, 2025. Askofu Mkuu Welby aliondoka afisini Januari 2025, naye Kasisi Greenshields alimaliza muhula wake wa mwaka mmoja Mei 2023. Waliobaki ni raia wa Sudan Kusini na viongozi wao wale wale. Ni muhimu basi kuuliza bila chuki wala ushabiki: hija ile ilileta nini, ilishindwa wapi, na ni nani aliyepaswa kuendeleza kazi iliyoanzishwa?

Safari iliyoanzia Vatican

Hija ya Juba haikuzuka ghafla. Mizizi yake ni kikao cha faragha cha siku mbili kilichoandaliwa Vatican mnamo Aprili 2019, kwa pendekezo la Askofu Mkuu Welby. Waliohudhuria ni Rais Salva Kiir, hasimu wake wa kisiasa Riek Machar, Rebecca Nyandeng ambaye ni mjane wa hayati John Garang, pamoja na viongozi wengine wa ngazi ya juu wa nchi hiyo.

Hawakuitwa kujadili ugavi wa vyeo. Waliitwa kusali na kutafakari. Mwishoni mwa kikao hicho, Aprili 11, Papa Francis alipiga magoti kwa taabu na kubusu viatu vya viongozi hao mmoja baada ya mwingine, huku akiwasihi wasirejee vitani. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Mzee aliyekuwa na umri wa miaka 82, aliyehitaji kushikwa mkono ili ainuke, alikuwa amejidhalilisha mbele ya watu ambao majeshi yao yalikuwa yameua raia wao wenyewe.

Wakati huo, Papa aliahidi kwamba angelizuru taifa hilo. Safari hiyo ilipangiwa Julai 2022 lakini ikaahirishwa kwa sababu ya goti lake. Hatimaye alipofika Februari 2023, alikuwa Papa wa kwanza kukanyaga ardhi ya Sudan Kusini tangu ijinyakulie uhuru.

Ili kuelewa uzito wa safari hiyo, hatuna budi kukumbuka yaliyotangulia. Sudan Kusini ilipata uhuru wake Julai 9, 2011, baada ya miongo ya vita dhidi ya serikali ya Khartoum. Furaha hiyo haikudumu hata miaka mitatu. Desemba 15, 2013, mapigano yalizuka Juba baina ya wanajeshi watiifu kwa Rais Kiir na wale waliomuunga mkono Machar, aliyekuwa amefutwa kazi ya Makamu wa Rais mnamo Julai mwaka huo.

Mzozo wa wanasiasa ukageuka kuwa uhasama wa makabila. Wadinka na Wanuer, jamii mbili kubwa zaidi nchini humo, walianza kuwindana mitaani na vijijini. Mkataba wa amani wa Agosti 2015 ulisambaratika Julai 2016 risasi zilipofyatuliwa tena Juba. Mkataba mwingine ulitiwa saini Addis Ababa mnamo Septemba 12, 2018. Kufikia mwaka huo, watafiti walikadiria kwamba takriban watu 400,000 walikuwa wamefariki kutokana na vita hivyo, ama kwa silaha au kwa njaa na maradhi yaliyosababishwa na vita.

Kwa nini makanisa matatu?

Huenda kuna wasomaji waliojiuliza ni kwa nini Papa hakwenda peke yake. Jibu linapatikana kwa kutazama wanakoabudu wenye mamlaka.

Rais Kiir ni Mkatoliki ambaye amekuwa akionekana kwenye misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, Juba. Machar ni Mpresbiteri. Waanglikana nao ni miongoni mwa madhehebu yenye waumini wengi zaidi katika taifa hilo. Kwa ufupi, wachungaji watatu walikuwa wamekwenda kuwatafuta kondoo wao waliokuwa wakiuana.

Hapo ndipo pana kinaya kikubwa cha Sudan Kusini. Vita vya zamani dhidi ya Khartoum vilielezwa na wengi kuwa vita baina ya kaskazini yenye Waislamu wengi na kusini yenye Wakristo wengi. Mpaka ulipochorwa na Khartoum kuondoka, ilidhihirika kwamba kushiriki imani moja hakukuwa kinga. Watu walioimba nyimbo moja kanisani Jumapili waliulizana kabila kwenye vizuizi vya barabarani Jumatatu.

Kwa hivyo, hija hii haikuwa ya kuwapatanisha watu wa dini mbili. Ilikuwa ya kuwauliza watu wa dini moja ni kwa nini imani yao haikuwazuia kuchinjana. Hilo ni swali gumu zaidi, na linawahusu pia Wakenya waliolishuhudia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, likiteketezwa Januari 1, 2008 likiwa limewahifadhi watu waliotoroka makwao kufuatia ghasia za uchaguzi.

Waliotembea kwa miguu

Ingawa kamera zote zilielekezwa kwa wageni watatu, kulikuwa na hija nyingine iliyotangulia ile yao, na ambayo haikupata umaarufu sawa. Vijana wapatao 60 waliondoka mjini Rumbek, katika jimbo la Lakes, wakatembea kwa miguu kwa siku tisa hadi Juba, mwendo wa mamia ya kilomita, ili wawe pamoja na Papa.

Aliyefuatana nao ni askofu wao, Christian Carlassare, mmisionari wa shirika la Wakomboni kutoka Italia. Historia yake yatosha kuwa mahubiri. Usiku wa kuamkia Aprili 26, 2021, wiki chache baada ya kuteuliwa kuwa askofu wa Rumbek, watu wenye silaha walivamia makazi yake na kumfyatulia risasi miguuni. Alisafirishwa hadi Nairobi kwa matibabu. Mahakama ilipotoa hukumu yake mnamo 2022, padri mmoja wa jimbo lilo hilo alikuwa miongoni mwa waliopatikana na hatia.

Askofu huyo alitangaza kuwasamehe waliomshambulia, akarudi Rumbek, na Machi 2022 akawekwa wakfu. Chini ya mwaka mmoja baadaye, miguu ile ile iliyopigwa risasi ilikuwa ikikanyaga vumbi la barabara ya Juba.

Jimbo la Lakes limejulikana kwa miaka mingi kwa mauaji ya kulipizana kisasi baina ya koo na wizi wa mifugo. Kijana wa huko akitembea bila bunduki kupitia vijiji visivyo vya ukoo wake, halafu akalazwa na kulishwa na wenyeji, amefanya jambo ambalo mkataba wa Addis Ababa haukuweza kumfanyia. Amegundua kwamba barabara inapitika.

Safari kama hiyo inaweza kupuuzwa na wataalamu wa diplomasia kwa sababu haikutiwa saini na mtu yeyote. Hata hivyo, iliwagharimu waliokwenda: malengelenge, kiu na hofu ya kuvamiwa njiani. Tofauti baina ya aliyejitoa hivyo na aliyesafirishwa kwa gari la kifahari kwenda kupiga makofi ni kubwa.

Siku tatu za Juba

Katika ikulu ya Juba, Papa Francis hakutumia lugha ya kuzungukazunguka. Aliwaeleza viongozi kwamba umwagaji damu ulipaswa kukoma na kwamba vizazi vijavyo vitawaenzi au kuyafuta majina yao kulingana na watakachokifanya wakati huo. Alikemea pia ufisadi na kurundikwa kwa mali mikononi mwa wachache huku wananchi wakikosa huduma za msingi.

Askofu Mkuu Welby naye aliwakumbusha viongozi hao ahadi walizotoa Vatican mnamo 2019, na akasikitika kwamba mauaji yalikuwa yangali yakiendelea. Katika mikutano iliyofuata, alisisitiza masaibu ya wanawake wa taifa hilo, ambao wamebakwa na kuteswa na wapiganaji wa kila upande, akitaka wanaume wajifunze kuwaheshimu.

Februari 4, wageni hao walikutana na watu waliofurushwa makwao. Wakati huo zaidi ya watu milioni mbili walikuwa wakimbizi wa ndani kwa ndani, na wengine zaidi ya milioni mbili walikuwa wametorokea mataifa jirani ikiwemo Kenya. Watoto waliozaliwa na kukulia kambini walisimama mbele ya Papa na kueleza maisha yao. Hawakuwa na kumbukumbu ya nchi yenye amani kwa sababu hawajawahi kuiona.

Jioni hiyo kulifanyika maombi ya pamoja ya makanisa yote katika uwanja wa kaburi la John Garang, na siku iliyofuata misa ikaandaliwa hapo hapo. Wasimamizi walikadiria kwamba watu wapatao 100,000 walihudhuria misa hiyo. Wengi wao walifika usiku wa manane na kulala uwanjani.

Kisiasa, tunda moja lilionekana papo hapo. Rais Kiir alitangaza kuwa serikali yake ingerejea katika mazungumzo ya Roma na makundi ambayo hayakutia saini mkataba wa 2018. Mazungumzo hayo, yaliyosimamiwa na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, yalikuwa yamesitishwa na serikali mnamo Novemba 2022.

Yaliyofuata baada ya wageni kuondoka

Miezi miwili baadaye, Aprili 15, 2023, vita vililipuka katika nchi jirani ya Sudan. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Sudan Kusini, nchi ambayo haikuwa na uwezo wa kuwalisha hata raia wake. Mapema mwaka wa 2024, mojawapo ya mabomba yanayosafirisha mafuta ya Sudan Kusini hadi Bahari ya Shamu kupitia Sudan lilipasuka katika eneo la vita. Kwa taifa ambalo bajeti yake hutegemea mafuta karibu kikamilifu, hilo lilikuwa pigo kubwa. Wafanyakazi wa umma na wanajeshi walikaa miezi mingi bila mishahara.

Hata hivyo, si haki kusukumia vita vya Sudan lawama zote. Kazi nyingi zilizoahidiwa katika mkataba wa 2018 zilikuwa zimekwama kabla ya hapo. Muda wa serikali ya mpito uliongezwa mnamo Agosti 2022. Mnamo Septemba 2024, uchaguzi uliokuwa ufanyike Desemba mwaka huo uliahirishwa tena na kupangiwa Desemba 2026. Sensa, katiba mpya na jeshi moja la taifa, vyote vilitajwa kuwa bado.

Mambo yalizorota zaidi mwaka wa 2025. Mapema Machi, vijana wa Kinuer wenye silaha, wanaojulikana kama Jeshi Jeupe, waliteka kambi ya wanajeshi mjini Nasir, jimbo la Upper Nile. Machi 7, helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokwenda kuwaokoa wanajeshi hao ilishambuliwa, na jenerali aliyekuwa akiongoza kambi hiyo akauawa.

Machi 26, Machar alizuiliwa nyumbani kwake. Septemba mwaka huo alifunguliwa mashtaka ya mauaji, uhaini na uhalifu dhidi ya binadamu kuhusiana na shambulio la Nasir, akasimamishwa kazi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na kesi yake ikaanza kusikizwa Juba. Upande wake ulipinga mashtaka hayo, ukiyataja kuwa njama ya kisiasa.

Ni bayana basi kwamba, miaka miwili tu baada ya hija, mmoja wa watu wawili waliobusiwa viatu alikuwa amemfungia mwenzake nyumbani. Papa Francis mwenyewe alifariki mwezi mmoja baada ya hatua hiyo.

Je, hija ilikosea wapi?

Wapo wanaosema kwamba hija ile ilikuwa maonyesho matupu. Mwandishi huyu hakubaliani nao. Dini haina jeshi wala haiwezi kumwekea yeyote vikwazo. Inachoweza kufanya ni kuwakutanisha watu, kuwaambia ukweli mbele ya umma na kuwafungulia mlango wa kutubu. Hayo yote yalifanyika.

Kilichokosekana ni hatua iliyofuata. Wageni walipoondoka, hapakuwa na orodha ya nani angefanya nini, lini, na nani angeulizwa asipofanya. Ahadi zilitolewa kwa Papa, na Papa aliishi Roma. Hakuna mwananchi wa Bentiu au Kajo-Keji aliyekuwa na namna ya kuzidai.

Hebu tutazame mfano wa jeshi. Mkataba wa 2018 uliagiza wapiganaji 83,000 kutoka pande zote waunganishwe, wapewe mafunzo na kuwekwa chini ya amri moja. Kundi la kwanza lilifuzu Agosti 2022, lakini wengi wao walirudi kukaa bila silaha, bila mishahara na bila kupelekwa vituoni. Wakati huo huo, kila kigogo alibaki na wapiganaji wake. Kiongozi mwenye jeshi lake binafsi anaweza kulia machozi ya kweli kanisani asubuhi na bado akatoa amri ya kushambulia jioni, kwa kuwa hakuna kinachomzuia.

Mfano wa pili ni haki. Mkataba uliahidi mahakama maalumu ya kushughulikia uhalifu wa kivita, ikishirikisha majaji wa Sudan Kusini na wa mataifa mengine ya Afrika kupitia Umoja wa Afrika. Mwongo mmoja baada ya kutajwa kwa mara ya kwanza katika mkataba wa 2015, mahakama hiyo ilikuwa bado haijaanzishwa. Mjane aliyesikia mahubiri kuhusu msamaha pale Juba ana haki ya kuuliza amsamehe nani, iwapo hakuna aliyekiri kumuua mumewe.

Mfano wa tatu ni fedha. Mnamo Septemba 2025, tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu haki za binadamu nchini humo ilitoa ripoti iliyowalaumu viongozi kwa kupora mapato ya umma huku wananchi wakikumbwa na njaa. Serikali ilikanusha madai hayo. Vyovyote iwavyo, mamlaka yakiwa ndiyo njia kuu ya kufikia pesa za mafuta, anayeyapoteza hupoteza kila kitu, na ndiyo maana hakuna anayekubali kuyaachilia kwa amani.

Funzo la Wunlit

Ajabu ni kwamba makanisa ya Sudan Kusini yaliwahi kupata jibu bora, tena bila msaada wa mgeni yeyote mashuhuri. Katika miaka ya 1990, baada ya Machar kutengana na Garang mnamo 1991, Wadinka na Wanuer wa magharibi mwa mto Nile waliuana, wakaibiana ng'ombe na kutekana wanawake na watoto kwa miaka mingi.

Mnamo Juni 1998, Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha machifu wa jamii hizo mbili katika mji wa Lokichoggio, hapa Kenya. Walikubaliana kwamba mazungumzo makubwa yafanyike nyumbani kwao. Kabla ya mkutano huo, machifu wa Kinuer walisafiri hadi maeneo ya Wadinka, nao machifu wa Kidinka wakaenda kwa Wanuer. Kila upande uliweka maisha yake mikononi mwa adui ili kuthibitisha kwamba kuna nia njema. Hiyo nayo ilikuwa hija, ingawa hakuna aliyeipa jina hilo.

Mkutano wenyewe ulifanyika katika kijiji cha Wunlit kuanzia mwisho wa Februari hadi Machi 1999. Fahali mweupe alichinjwa kama ishara ya kiapo, na sala za Kikristo zikaandamana na mila za wazee. Kisha kila upande ukapewa muda wa kueleza mabaya yote uliyotendewa, huku upande wa pili ukisikiliza bila kukatiza, halafu ukajibu.

La muhimu zaidi ni kwamba maombi hayakuwa mwisho wa kazi. Makubaliano yalitaja mambo mahususi: waliotekwa warudishwe, malisho na maji yatumiwe kwa pamoja, mahakama na walinzi wa mpakani wawekwe, na wanaovunja kiapo waadhibiwe. Wananchi waliojua majina ya walioibiwa na walioiba ndio waliokuwa wadai.

Wunlit haikumaliza vita vyote. Makamanda wenye bunduki hawakutawaliwa na machifu, na maeneo ya mashariki mwa Nile yalihitaji mikutano mingine. Lakini katika eneo lililohusika, amani hiyo ilishikilia kwa miaka kadhaa, na watu wakarudi kuchunga mifugo mahali palipokuwa pameachwa mahame.

Vilevile, tusisahau mkataba wa Addis Ababa wa 1972, uliositisha vita vya kwanza vya Sudan kwa takriban miaka kumi. Wapatanishi wake walitoka katika Baraza la Makanisa Duniani na Baraza la Makanisa ya Afrika Yote, lenye makao yake Nairobi. Hawakuja kwa siku tatu na kuondoka. Walikuwa wamekaa na pande zote mbili kwa muda mrefu kabla ya saini kutiwa.

Wajibu wa Kenya

Kenya si mtazamaji wa pembeni katika suala hili. Itifaki ya Machakos ya Julai 2002 na mazungumzo ya Naivasha, chini ya upatanishi wa Jenerali Lazarus Sumbeiywo, ndiyo yaliyozaa mkataba uliotiwa saini Nairobi Januari 9, 2005, na hatimaye uhuru wa Sudan Kusini. Kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, imekuwa makao ya Wasudan Kusini tangu 1992.

Mazungumzo ya Roma ambayo Rais Kiir aliahidi kuyafufua wakati wa hija yalihamishiwa Nairobi. Mei 2024 yalizinduliwa upya kwa jina la Mpango wa Tumaini, na Jenerali Sumbeiywo akarejeshwa kuwa mpatanishi. Lakini Julai mwaka huo upande wa Machar ulijiondoa, ukidai kuwa mpango huo ulinuia kuuzika mkataba wa 2018, na mapema 2025 mazungumzo yakakwama.

Machar alipozuiliwa, Rais William Ruto alimtuma hayati Raila Odinga kwenda Juba kama mjumbe maalumu. Raila alionana na Kiir, lakini hakuruhusiwa kumwona Machar. Mpatanishi ambaye anazuiliwa kukutana na upande mmoja hana anachoweza kupatanisha.

Isitoshe, Kenya ina uwezo ambao Papa hakuwa nao. Mnamo Septemba 2016, shirika la uchunguzi la The Sentry lilichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba familia za baadhi ya vigogo wa pande zote mbili za vita zilikuwa na makazi ya kifahari jijini Nairobi. Kiongozi ambaye watoto wake wanasoma kwa utulivu katika jiji jirani hahisi uchungu wa vita jinsi anavyouhisi mfugaji wa Lakes. Serikali yetu ikiamua kuchunguza mali inayotiliwa shaka, itakuwa imehubiri kwa lugha inayoeleweka haraka zaidi Juba.

Makanisa ya Kenya nayo yana nafasi. PCEA ina asili yake katika wamisionari wa Scotland, Waanglikana wetu wana udugu wa karibu na wenzao wa Juba, na maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu hukutana mara kwa mara. Wageni wa 2023 walitoka mbali na walilazimika kurudi. Majirani hawana udhuru huo. Ingefaa makanisa hayo yakubali kuwa walinzi wa ahadi: yaweke wazi kila mwaka ni ahadi zipi zilizotolewa mbele ya madhabahu, zipi zimetimizwa na ni nani aliyezivunja. Ukimya wa viongozi wa dini baada ya ahadi kuvunjwa hugeuka kuwa kibali.

Mwisho wa safari bado

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Kwa miaka mingi, juhudi za amani Sudan Kusini zimekuwa za kuwabembeleza fahali. Wamepelekwa Addis Ababa, Khartoum, Entebbe, Roma na Nairobi. Wamelazwa katika hoteli nzuri na kubusiwa viatu. Zile nyasi hazijaulizwa chochote.

Hija ya Februari 2023 ilikuwa na thamani kwa kuwa ilikwenda walipo wanaoumia, na kwa siku tatu ikawafanya wawe wenye kusikilizwa. Mtoto wa kambini alizungumza, na rais wake akalazimika kusikia. Heshima hiyo haiwezi kufutwa na yaliyotokea baadaye.

Hata hivyo, hija yoyote hupimwa kwa maisha ya mhujaji akisharudi nyumbani. Vijana wa Rumbek walirudi katika vijiji vyenye visasi vya zamani, wakiwa wamelala katika nyumba za watu waliofundishwa kuwaogopa. Wakipata machifu, mapadri na wachungaji wa kuwashika mkono, pamoja na serikali za kanda zinazokataa kuwa maficho ya mali ya vita, huenda wakaumaliza mwendo ambao wakubwa wao waliukatiza njiani. Wakiachwa peke yao, bunduki zingali pale walipoziacha.